Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya fundi wa gari la chumvini

Saa 11 alfajiri. Natoka mapema kwa sababu gereji ya Mzee, pembeni mwa Salt Lake City, Marekani, ni ya bati, na Julai hii ikifika saa sita mchana hakukaliki. Wiki nzima nachomelea matangi kiwandani, hiyo ni kodi ya nyumba. Jumamosi ni ya gari letu la Bonneville, uwanda wa chumvi karibu na Wendover, ambako Speed Week, wiki ya mashindano ya kasi, ilianza mwaka 1949 na bado hupangwa kila Agosti. Kule hakuna kona wala mtu wa kumpita. Unakimbia peke yako mstari mnyoofu, saa inakupima.

Saa 12. Kizimba cha dereva, yaani mabomba ya kumkinga gari likipinduka. Leo ni bomba la mshazari nyuma ya bega la kushoto. Naukata mdomo wake na kuupiga tupa mpaka ukalie mgongo wa mwenzake bila mwanga kupenya, maana pengo la kuzibwa kwa waya wa kuchomelea ni kujidanganya. Napangusa kwa asetoni, nashikiza kwa vidoto vinne vya kuchomelea, napima pembe tena, ndipo nashusha kioo cha usoni na kuchomelea. Kisha naacha chuma kipoe chenyewe. Anayekimwagia maji hajui kazi.

Saa 3. Chai, na simu ya mdogo wangu kutoka Arusha, kwao jioni.

“Shikamoo kaka. Picha nimeziona. Mbona mnaongeza uzito? Huku watu wa rali wanang'oa mpaka viti!”

“Marahaba. Chumvi inateleza, bwana. Gari likiwa jepesi matairi yanazunguka bure. Na njia ni ndefu, kwa hiyo uzito hautugharimu sana.”

Adui hasa ni hewa. Ukitaka mwendo mara mbili, inakudai nguvu mara nane. Injini yetu ni ya pikipiki, Hayabusa ya cc 1,340, haina ubavu wa kulipa deni hilo, kwa hiyo tumelibana gari mpaka dereva analala chali. Si wazo jipya: mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la mafuta la ndege ya kivita akaligeuza bodi ya gari.

Saa 5. Mizani chini ya kila gurudumu. Tunapanga vipande vya madini ya risasi puani ili gari liende kama mshale, kichwa kizito mbele. Mkia ukizidi uzito, upepo wa ubavu ukipiga, mkia ndio utatangulia. Mzee anataka kuongeza kipande kingine, mimi nakataa. Mizani inampa haki yeye, basi.

Saa 8. Pembe ya kufungia parachuti. Ikikaa juu mno, pua inainuka parachuti ikifunguka. Chini mno, mkia unainuka.

Saa 10. Zoezi la kujitoa garini. Binti yake Mzee, ndiye dereva, amevaa kila kitu: suti ya moto, glovu, helmeti, kamba za kuzuia mikono isitoke nje. Lazima atoke bila kusaidiwa. Mzee anapiga kelele “Moto!” Mkanda unafunguka vizuri, kisha kamba ya mkono wa kulia inanasa kwenye wenzo wa gia. Anavuta, anatukana, anarudi nyuma kuinasua. Nimeukata ule wenzo, nikauviringisha ncha, tukarudia. Safari hii alichomoka huku jasho likimtiririka, akadai soda.

Saa 1 usiku. Nafagia vumbi la grinda. Mama Neema ananitumia ujumbe: mvua ikinyesha Agosti je? Swali zuri. Speed Week ilifutwa 2014, 2015 na 2022, mara chumvi imejaa maji, mara imeharibika. Nimemjibu ada tumeshalipa. Jumatatu mitungi ya kuzimia moto inafika, na bado sijatengeneza vishikio vyake.