Tarehe Imepita, na Nyumba Nzima Inamsubiri Mtoto wa Pili

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki imekwisha kupita, wiki ya 41 ya ujauzito imetimia, na mtoto wetu wa pili bado hajaonyesha dalili yoyote ya kutaka kutoka. Begi la kujifungulia limefungwa zamani na limewekwa karibu na mlango, nguo ndogo zimefuliwa na kukunjwa, na mama yangu mzazi, aliyesafiri kuja kutusaidia, ameizoea nyumba hii kiasi cha kujua ni mlango gani unaolia usiku ukifunguliwa bila uangalifu. Nimeona niandike sasa, nikiwa bado ninasubiri, kwa sababu mtoto akishazaliwa siku hizi zitasahaulika upesi, nami ningependa mwenzangu atakayefika hapa nilipo akute kitu zaidi ya kuambiwa avute subira.

Nianze na tarehe yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotutia sote roho juu. Wakunga huipata kwa kuhesabu siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hesabu hiyo huchukulia kwamba mzunguko wa mwanamke ni wa siku 28 na kwamba yai hutoka siku ya 14, jambo ambalo kwa wengi wetu si kweli kila mwezi. Kipimo cha ultrasaundi kikifanywa katika miezi mitatu ya mwanzo husaidia kuirekebisha, na changu kilifanywa mapema, kwa hiyo sina sababu ya kudhani kwamba tumekosea umri wa mimba. Hata hivyo, ni watoto wapatao 4 au 5 tu katika kila 100 wanaozaliwa siku ileile iliyokadiriwa, na waliobaki huja kabla au baada yake. Madaktari wa uzazi wa Marekani, katika mgawanyo walioutoa mwaka 2013, huita mimba iliyotimia kikamilifu ile iliyo kati ya wiki 39 na wiki 40 na siku 6. Kuanzia wiki 41 huhesabiwa kuwa imechelewa, na ni pale inapofika wiki 42 ndipo husemwa imepitiliza. Mimi basi nimechelewa, sijapitiliza, na tofauti hiyo ndogo imenipa utulivu mkubwa kuliko maneno yote ya kunifariji niliyoyasikia.

Kuhusu mtoto wa pili nimeambiwa na wengi kwamba huwahi. Kilicho kweli ni kwamba uchungu wa uzazi wa pili kwa kawaida huwa mfupi kuliko ule wa kwanza, kwa sababu mlango wa kizazi na njia ya uzazi vimekwisha kupitia kazi hiyo. Lakini ufupi wa uchungu hausemi chochote kuhusu siku utakapoanza. Tena kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa, kichwa cha mtoto mara nyingi hakishuki kwenye nyonga mpaka uchungu uanze, na uchungu wa uongo, yaani ile mikazo ya tumbo inayokuja na kutoweka bila kuongezeka nguvu, husikika zaidi kuliko katika mimba ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba mwili unatoa ishara nyingi zisizo na maana, huku ishara ya kweli ikitazamiwa kuja na kukamilika kwa haraka. Kwa mtu mwenye mtoto mwingine aliyelala chumba cha pili, hilo si jambo la kulichukulia wepesi. Lazima awepo mtu mzima ndani ya nyumba, usiku na mchana, ambaye mtoto huyo anamjua na anamkubali.

Hapo ndipo msaada wa mama ulipochukua sura ambayo sikuitarajia. Nilipojifungua mara ya kwanza alikuwa nami tangu uchungu ulipoanza, akinisugua mgongo, akinihesabia pumzi, na sauti yake ndiyo niliyokuwa ninaifuata pale nilipokuwa siwezi tena kumsikiliza mtu mwingine. Moyoni nilikuwa nimejipangia kwamba safari hii pia atakuwa pembeni yangu. Lakini kadiri siku zilivyokwenda tuliona wazi kwamba kifungua mimba wetu, ambaye bado hajatimiza miaka minne, halali usiku kwa mtu mwingine yeyote asipokuwa mimi, baba yake au bibi yake huyo. Mama ndiye aliyelisema kwanza, tena kwa upole: "Mwanangu, huko kuna wakunga na mumeo atakuwepo. Huku hakuna mwingine." Nilinyamaza kwa muda kabla ya kumjibu. Msaada mkubwa kabisa anaoweza kunipa ni kubaki mbali nami katika saa ambazo nitamhitaji zaidi, na yeye amelikubali hilo kabla yangu. Ninajua haikuwa rahisi kwake, kwa sababu jioni ile alimweleza mume wangu kwa kirefu, hatua kwa hatua, namna ninavyopenda kusuguliwa mgongo, na akamfanya ajaribu mbele yake mpaka akaridhika.

Tangu hapo amekuwa akijiandaa kwa kazi yake kwa makini yanayonigusa sana. Ameandika kwa mkono wake karatasi moja na kuibandika ukutani, ingawa yote yaliyomo anayajua kwa kichwa, ili hata akipatwa na dharura mtu mwingine aweze kushika nafasi yake. Imeandikwa kwamba mtoto akiamka usiku taa kubwa isiwashwe. Kwamba maji anayanywa kwenye kikombe chake cha bluu tu na si kingine. Kwamba blanketi lifunike miguu lakini lisifike kifuani. Kwamba akimwita mama asiambiwe "anakuja sasa hivi" ikiwa sivyo, bali aambiwe mama amekwenda kumsaidia mtoto kuzaliwa na atarudi. Huo mstari wa mwisho ameupigia mstari chini. Usiku kadhaa sasa yeye ndiye anayemlaza mtoto huku mimi nikikaa chumba cha pili bila kutoka, hata anaponiita, nami ninakiri kwamba kukaa kule kimya ni kugumu kuliko mikazo ya tumbo. Lakini kumezaa matunda, kwani juzi aliamka usiku wa manane, akamtafuta bibi yake moja kwa moja, akanywa maji na kulala tena.

Mtoto mwenyewe ana maelezo yake kuhusu kuchelewa huku. Anaamini mdogo wake amelala, na kila asubuhi huweka mdomo karibu na tumbo langu na kumwambia kumekucha. Bibi yake hajamsahihisha, wala mimi.

Kuna jambo linalonielemea ambalo akina mama wachache hulizungumza waziwazi, nalo ni likizo za watu wanaotusaidia. Mama ana kazi yake, aliomba ruhusa kwa siku zenye mwanzo na mwisho, na kila asubuhi inayopita bila mtoto ni asubuhi iliyotolewa kwenye siku ambazo angekuwa amembeba mjukuu wake huku mimi nikipumzika. Hasemi lolote, lakini nimemwona akisimama mbele ya kalenda. Bahati njema ni kwamba mume wangu na wifi yangu walipanga tangu mwanzo kwamba msaada uje kwa zamu: mama kwanza, kisha mama mkwe, ambaye amestaafu na hana tarehe ya kurudi inayombana. Kwa maoni yangu hivi ndivyo kila familia yenye uwezo huo ingefanya. Watu wakishapanga msaada wao wote uanguke kwenye ile tarehe moja ya kadi, mtoto akichelewa wiki mbili mama hubaki peke yake na watoto wawili hasa katika siku ambazo mwili wake haujapona. Ni afadhali mtu mmoja mwenye nafasi abaki nyuma bila kufungwa na siku, hata kama hilo lina maana kwamba mwanzoni watu ni wachache. Nyumba yenye wasaidizi wengi kabla ya mtoto kuzaliwa haina kazi ya kuwapa, na watu wasio na kazi huishia kukutazama tumbo.

Wifi amechukua mzigo mwingine usioonekana. Ndugu, jirani na marafiki wanapiga simu na kuandika kutwa nzima wakiuliza kama bado, na kila mmoja anauliza kwa upendo, lakini kumjibu kila mmoja kulikuwa kumeanza kuniliza. Alichofanya ni kuwatangazia wote kwamba habari zitatoka kwake, kwamba kimya maana yake ni hakuna jipya, na kwamba mwenye neno la kunitia moyo alitume kwake naye atanisomea jioni. Wengi walielewa. Wachache waliona wametengwa, na hao amewaeleza mwenyewe bila kunihusisha.

Kwa upande wa afya, kuchelewa hakumaanishi kukaa bila kufanya lolote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito unapendekeza mahudhurio 8, la mwisho likiwa wiki ya 40, na kwamba asiyejifungua arudi wiki ya 41. Nimerudi. Wamesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa muda mrefu, wamepima shinikizo langu la damu, wameangalia kwa ultrasaundi wingi wa maji yaliyomzunguka, na mkunga amenieleza jambo ambalo ningependa kila anayesubiri alijue. Mama, kama wanawake wengi wa rika lake, aliamini kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hupunguza kucheza kwa sababu nafasi imembana. Mkunga alitueleza sote wawili kwamba namna ya kucheza yaweza kubadilika, mateke yakawa misukumo ya kujiviringisha, lakini kucheza kwenyewe hakutakiwi kupungua, na mama akihisi kumepungua aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja asubuhi. Mama alisikiliza, akauliza maswali mawili ya maana, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeniuliza kabla ya kulala kama mtoto amecheza kama kawaida. Ninamheshimu sana kwa hilo. Kuna wazazi ambao wangeona wamevunjiwa heshima.

Walioshauri ninywe mafuta ya nyonyo ili uchungu uanze nimewashukuru na sijayanywa. Huleta kichefuchefu na kuharisha, na sitaki kuingia kwenye uchungu nikiwa nimeishiwa maji mwilini. Kutembea ninatembea, polepole, jioni, kwa sababu kunanipa usingizi.

Kama hali haitabadilika, nitaanzishiwa uchungu wiki hii. Shirika la Afya Duniani hushauri hivyo kwa mwanamke ambaye ni hakika ametimiza wiki 41, na sababu zake ni za kueleweka: kadiri muda unavyopita kondo la nyuma huweza kupungukiwa na uwezo wa kumlisha mtoto, maji ya uzazi hupungua, mtoto huweza kujisaidia humo ndani na kuvuta uchafu huo kwenye mapafu, na hatari ya mtoto kufia tumboni, ingawa ni ndogo, huongezeka. Mama mkwe alipata hofu aliposikia, kwa kuwa kwake kuanzishiwa uchungu ni dalili kwamba mambo yameharibika. Mume wangu alimpigia na kumweleza taratibu kwamba huu ni uamuzi unaochukuliwa mtoto akiwa bado mzima, ili aendelee kuwa mzima. Mkunga amekwisha kunipima mlango wa kizazi na kuusugua kwa kidole ili kuutenganisha na utando, kitendo ambacho wakati mwingine hutosha kuamsha uchungu chenyewe. Kisichotosha, watatumia dawa ya kulainisha mlango wa kizazi au kipira kidogo kinachojazwa maji, na baadaye, ikibidi, kupasua chupa ya maji ya uzazi na kuweka dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta mikazo ya uchungu. Kwa kuwa mara ya kwanza nilijifungua kwa njia ya kawaida, wanatarajia mwili utaitikia vizuri. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji hupangiwa kwa tahadhari nyingine na lazima azungumze na daktari wake.

Kazi hiyo yaweza kuchukua zaidi ya siku moja, kwa hiyo tumepanga usiku mbili za kutokuwepo kwangu na si moja. Mume wangu ataingia nami na kubaki. Mama atalala kwenye chumba cha mtoto badala ya chumba chake. Mama mkwe amekubali kuja siku mbili kabla ya mama kuondoka, ili mtoto awaone wote wawili pamoja na asihisi kwamba bibi mmoja amemfukuza mwingine. Mtoto mchanga akizaliwa, simu ya kwanza ni kwa mama, hata iwe usiku wa manane, naye ndiye atakayemwambia kaka mtu asubuhi. Wifi atapigiwa ya pili, na wengine wote watasikia kutoka kwake.