Nilivyompandisha twiga kwenye jiwe la Miyuji

Jiwe lenyewe liko nyuma ya nyumba ya bibi mmoja pale Miyuji, moja ya yale majabali ya Dodoma ambayo watu wamejenga kuyazunguka kwa kuwa hayavunjiki kirahisi. Wengi wanaofanya “mapping” ya projekta, yaani kumulika picha ili ikae sawasawa juu ya umbo la kitu, hutafuta ukuta, na kweli ukuta ni rahisi: unavuta pembe nne za picha kwenye programu mpaka zikae, basi. Jiwe halina pembe hata moja.

Picha nilizitaka za Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuimulika michoro yenyewe sikutaka hata kufikiria, iachwe ilivyo. Nilichora twiga, pofu na wale watu wembamba kwa mkono wangu, kisha nikawapa mwendo kwenye Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni.

Ila kabla ya kumpa mtu mwendo nilianza na jiwe. Giza lilipoingia niliiweka projekta pale pale itakapokaa, nikafungua ukurasa mweusi kwenye programu ya kuchorea, nikageuza macho kutoka kwenye kompyuta na kutazama jiwe. Mshale wa kipanya unauona kule jiweni. Unaupitisha taratibu juu ya ufa, ukingo, shimo la maji ya mvua, na kila unachopitia kinabaki kwenye faili. Mwishowe una ramani ya jiwe kama projekta inavyoliona, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Stendi ikisogea kidogo tu, ramani haifai tena. Kwa upepo wetu wa kiangazi, miguu yake niliiwekea mifuko ya mchanga na kuichorea alama ardhini.

Ufa mrefu ukawa njia ya twiga. Ningemchora kwanza halafu nimtafutie pa kupita, angeelea hewani.

Rangi nayo ina mambo yake. Projekta haina mwanga mweusi: penye weusi kwenye video, jiwe hubaki jiwe. Kwa hiyo kila kisicho mnyama nilikifanya cheusi tii, na ule mstatili wa picha ukapotea kabisa. Wekundu wa Kolo kwenye jabali la kijivu ulififia, nikausogeza kuelekea rangi ya chungwa.

Projekta ilikuwa ya kuazima, yenye mwanga wa lumeni 3,500. Ukiirudisha nyuma hadi umbali uwe mara mbili, eneo la picha linatanuka mara nne na mwanga wa kila sehemu unabaki robo. Nikaona bora kipande cha jiwe chenye upana wa mita tatu kiwake vizuri kuliko jiwe zima likiwa na ukungu. Jirani alituzimia taa yake ya nje, Mungu ambariki, maana taa moja ile ingetosha kuharibu kila kitu.

Watoto walipiga kelele twiga alipotokeza kwenye ufa. Bibi alitazama mpaka mwisho, kimya.

"Mjukuu wangu, twiga tumemwona. Ng'ombe wako wapi?"

"Bado, bibi."

"Bado! Nyumba ya Mgogo hiyo?"

Sasa nachora ng'ombe. Pembe zinapendeza, shida ni mguu wa nyuma: kila akifika kwenye lile shimo la maji unakatika, na sijaamua kama nimzungushe au nimwinamishe anywe.