Mguu mmoja mfupi: jinsi nilivyonyoosha skwati yangu
Kila nikichuchumaa na chuma mabegani, nyonga ilielemea kushoto na kiuno kikaniuma upande huo huo. Nilidhani ni udhaifu tu. Rafiki akanirekodi kwa simu kutoka nyuma: chuma kilikuwa kimeinama kabla hata sijashuka! Mtaalamu wa fiziotherapia alinisimamisha, akaweka vibao chini ya mguu wa kushoto hadi nyonga zikalingana. Tofauti: milimita 12. Nikabandika mpira mgumu wa milimita 6 chini ya soli nzima ya kiatu cha kushoto, si kisigino pekee, maana kisigino kikiinuka peke yake goti hilo husogea mbele kuliko jingine. Nikaanza upya na chuma kitupu, kilo 20. Wiki tatu baadaye niliongeza hadi milimita 9. Sasa nashuka na kilo 80, chuma kimelala sawa, kiuno kimya.