Kamba wa kula, kamba za kufungia

Mimi ni karani wa kikundi cha wavuvi hapa Malindi. Chombo kikifika, napima na kuandika: tarehe, saa, samaki gani, kilo ngapi, bei gani, nani kanunua. Jioni naingiza yote kwenye laptopu, kwenye hifadhidata, yaani majedwali ya kumbukumbu, ya programu ya SQLite. Kuingiza si kazi. Kazi ni maswali. Nahodha anataka kujua ameleta nguru kilo ngapi tangu kaskazi ianze, mama karanga (muuza samaki wa kukaanga) anauliza deni lake, mwenyekiti anataka hesabu ya barafu na anaitaka sasa hivi. Kila swali nilikuwa naandika upya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, au nakopi ya wiki iliyopita na kusahau kubadilisha tarehe.

Nikasema, si kuna hizi modeli za lugha, programu za akili mnemba unazoongea nazo kwa maandishi? Nikaunganisha moja, nikaionyesha majedwali yangu, nikaiambia: nikikuuliza kwa Kiswahili, andika SQL, iendeshe, nijibu. Siku mbili nilijiona fundi.

Ya tatu akaja mama karanga mmoja. "Mwanangu, hebu niulizie kamba mwezi uliopita walikwenda bei gani." Nikaandika vile vile alivyosema. Jibu likaja na shilingi zake, limenyooka. Mama akacheka mpaka akashika meza. "Kamba gani hao wa bei hiyo? Au waniuzia ya nanga?" Kumbe mashine ilikwenda jedwali la matumizi, ikachukua kamba za kufungia mashua. Sisi tukisikia "walikwenda" tunajua ni mnyama. Yenyewe haikusikia.

Hilo lilijulikana kwa sababu bei ilichekesha. La saa lilikaribia kunipita. Niliuliza vyombo vingapi hufika kabla ya saa mbili asubuhi, ikahesabu vilivyofika kabla ya 02:00, yaani saa nane za usiku. Wavuvi wa karabai wachache hurudi wakati huo, kwa hiyo jibu halikuwa sifuri. Lilikuwa namba ndogo, ya kuaminika kabisa, na namba ya namna hiyo ndiyo inayonitisha.

Basi nikainyang'anya kalamu. Siku hizi haiandiki SQL. Nimeandika mwenyewe fanksheni fupi fupi, vipande vya programu vyenye kazi moja moja, katika moduli (faili) moja ya lugha ya Python: hii inajumlisha kilo, hii inatoa deni la mtu, hii inalinganisha misimu. SQL imo humo ndani, na nimeipambanisha na daftari la karatasi mwezi mzima. Modeli inasikiliza swali, inachagua fanksheni, inajaza nafasi: samaki yupi, tangu lini, hadi lini. Kabla ya jibu inarudia swali lilivyoeleweka, ili mwenye swali akatae mapema kama imekosea.

Chini yake zipo fanksheni nyingine ndogo ambazo hizo za juu zote zinazitumia. Ya saa inapewa "saa mbili asubuhi", inarudisha 08:00. Ya bamvua, yale maji makuu ya bahari, inafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ya kaskazi ilichelewa, maana wazee walibishana kama Novemba imo au haimo, na mimi sikuthubutu kuwaamulia. Neno "kamba" likija bila kueleweka, mashine inauliza: wa kula au za kufungia? Hifadhidata nayo inafunguliwa kwa kusoma tu. Hata mashine ikichizi haiwezi kufuta deni la mtu, ingawa wapo ambao wangependa.

Mwenzangu wa Ngomeni aliiomba moduli hiyo nikampa. Hakugusa fanksheni hata moja, alibadilisha orodha ya samaki na vyombo tu, jioni moja akawa amemaliza. Mimi ilinichukua wiki tano.

Swali likikosa fanksheni, mashine inasema haina, nami naliandika nyuma ya daftari. Sasa yamefika 11. La juu kabisa ni la mwenyekiti: barafu kiasi gani huyeyuka bure kabla samaki hawajafika?