Siku Ukoo Ulipokuja Kumdai Mdogo Wetu

Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika mtaa mmoja wa vijijini wilayani Muleba, na kwa sababu hiyo nyumba yetu haikuwahi kuwa ya watoto waliozaliwa humo peke yao. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, enzi ambazo watu wa kwetu waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka kutoka Uganda. Ilipofika miaka ya tisini vilikuwapo vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, ambavyo migomba yake ilikuwa imesongwa na magugu, kwa kuwa waliosalia nyumbani walikuwa bibi mmoja na wajukuu wake. Kituo cha dayosisi pale Ntoma, karibu na Bukoba, kilikuwa kwa ajili ya watoto wachanga; waliokwisha kutembea na kusema waligawanywa katika nyumba za Wakristo kwa makubaliano ya mdomo, mbele ya balozi wa nyumba kumi na mchungaji, na pengine kwa barua ya afisa ustawi wa jamii kama alipatikana.

Mdogo wetu aliletwa namna hiyo mwaka 1994, akiwa na miaka minne. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, mama yake alikuwa amezikwa wiki chache nyuma, na bibi yake aliyemleta alikuwa haoni vizuri. Jina lake silitaji, kwa kuwa angali hai na hajaniruhusu. Bibi alikuja na sanduku dogo la bati lililokuwa na cheti cha ubatizo cha mtoto kutoka parokia ya Kikatoliki, kadi ya kliniki, picha moja ya mama, na daftari ambamo marehemu baba wa mtoto aliandika kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi. Mama yangu alilifunga sanduku hilo kwa kufuli, akaufunga ufunguo katika pindo la khanga, na tangu siku hiyo hakuna mtoto mwingine wa nyumba ile aliyeruhusiwa kuligusa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo baba alilifanya na ambalo washarika wengi hawakulipenda. Kila Desemba, kabla ya Noeli, alimchukua mtoto huyo hadi kwenye kibanja cha wazazi wake, mwendo wa saa mbili kwa miguu, wakapalilia makaburi mawili yaliyokuwa kati ya migomba, kwani kwetu watu huzikwa shambani mwao. Kisha humzungusha mpakani, akimwonyesha mti kwa mti na mmea kwa mmea wapi shamba la baba yake linaanzia na wapi linaishia. Wazee wa kanisa walimwambia kwamba anamtonesha mtoto kidonda, na kwamba familia ya Kikristo inayomlea yatima humpa mwanzo mpya. Familia nyingine za usharika zilikuwa zimewabadilishia watoto majina ya ukoo kwa nia njema kabisa, ili wasijione wageni mezani. Baba hakubishana nao sana. Aliwajibu kwamba mtoto huyu aliachiwa wafu wawili na shamba moja, na yeye hana mamlaka ya kumpunguzia urithi huo. Mimi niliyekuwa kijana wa sekondari niliona ni ukaidi wa Kihaya uliovaa joho la dini, lakini sasa nadhani ndilo jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya katika huduma yake.

Mwaka 2001 bei ya kahawa ilianguka vibaya, na ardhi iliyokuwa na migomba mizuri ikaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Mwezi Septemba mwaka huo ilikuja taarifa kwamba baba mdogo wa mtoto, ambaye miaka yote alikuwa akikilima kile kibanja bila kututumia hata mkungu wa ndizi, angefika pamoja na wazee wa ukoo ili mtoto "arudi kwao". Baba alipeleka barua wilayani kumwomba afisa ustawi wa jamii awepo. Alikuja, mwanamama mwembamba mwenye sauti ya chini, akiwa nyuma ya pikipiki ya mchungaji, miwani yake imejaa vumbi.

Mama alitandika nyasi mpya sebuleni na kuwapitishia wageni kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyopasa, ingawa uso wake ulikuwa umekaza. Mzee wa ukoo aliyetangulia kusema alikuwa katekista mstaafu, na malalamiko yake hayakugusa ardhi hata kidogo. Alisema mtoto wa Wakatoliki amefanywa Mlutheri, na kwamba ukoo hauwezi kunyamaza huku damu yake ikipotezwa. Baba alimwomba mama ufunguo. Akalifungua sanduku, akatoa cheti cha ubatizo, akamkabidhi mzee yule kwa mikono miwili, akamweleza kwamba Walutheri hawabatizi mara ya pili, na kwamba paroko alikuwa na habari tangu mwanzo mtoto yuko wapi. Mzee alikisoma polepole, akakigeuza, akakisoma tena, kisha akasema kwa haki kabisa kwamba mwandiko wa padri huyo anaufahamu.

Ndipo baba mdogo mwenyewe alipozungumza. Alisema, "Mwinjilisti, mimi nakushukuru kwa ulezi. Lakini mtoto wa mwenzio ni wa kuazima, na mwenyewe akija humrudishi kwa masharti. Tena huyu ni msichana. Kibanja cha ukoo hakiendi kwa msichana, maana kesho ataolewa akipeleke kwa watu wengine."

Afisa ustawi wa jamii, aliyekuwa kimya mpaka hapo, aliuliza kwa upole kama mzee amepata kusikia kesi ya Holaria Pastory. Wote walikuwa wameisikia, kwa kuwa ilitokea mkoani kwetu: mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, mpwa wake akamshitaki kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua mwaka 1990 kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi hiyo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Afisa hakuhubiri. Alisema tu kwamba kesi hiyo ipo, na kwamba yeye amekuja kwa ajili ya mtoto, hivyo anaomba mtoto aitwe.

Mdogo wetu aliingia, akapiga magoti, akawaamkia wote kuanzia kwa mkubwa. Aliulizwa anataka kuishi wapi. Sote tulikuwa tukingoja jibu hilo, mama akiwa amejishika tama mlangoni, lakini mtoto hakulijibu kwanza. Alimgeukia yule baba mdogo aliyetaka kumchukua na kumwuliza, "Baba mdogo, mimea ya mpaka upande wa mtoni mbona imesogezwa? Desemba ilikuwa juu ya ule mbuni mkubwa, na kaburi la mama lilikuwa ndani. Ndugu zangu wa kule wanasema sasa liko kwako."

Sijui kama aliyapanga maneno hayo. Nijuacho ni kwamba baada yake hakuna aliyemkumbusha tena swali la kwanza. Katekista mstaafu alisimama, akachukua fimbo yake, akasema kwamba jambo la mpaka halizungumzwi ukiwa umekaa. Tulikwenda sote, afisa na mchungaji wakitangulia kwa pikipiki, sisi kwa miguu. Pale shambani mtoto aliwaongoza wazee kutoka alama moja hadi nyingine kama alivyozoea kuongozwa na baba, na alipofika kwenye mimea mipya, ambayo udongo wa mashina yake ulikuwa bado haujashikamana, mmoja wa wazee aliing'oa kwa mkono mmoja bila kusema neno.

Makubaliano yaliandikwa na mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo juu ya kiti cha pikipiki. Mtoto angeendelea kulelewa kwetu na kuutembelea ukoo wake wakati wa likizo. Kibanja kingebaki kwa jina la marehemu baba yake mpaka awe mtu mzima. Baba mdogo angeendelea kukilima na kutoa nusu ya fedha ya kahawa kwa ajili ya masomo yake ya sekondari. Leo mambo kama hayo yana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumnyima mtoto mali ya mzazi wake, na kanuni za malezi ya kambo za mwaka 2012. Sisi tulikuwa na karatasi moja ya daftari yenye sahihi tatu na dole gumba la mtu aliyekasirika.

Baba mdogo aliliheshimu dole hilo, kwa namna yake. Msimu uliofuata alileta fedha mwenyewe, akiwa amekwisha kukata gharama za palizi, magunia, na usafiri wa kwenda chama cha msingi na kurudi, ingawa chama kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mama alilitoa sandukuni lile daftari la marehemu, akalifungua kwenye ukurasa wa kilo za zamani, akamwambia, "Shemeji, kaa, tuhesabu tena."