Karo ya bweni kwa pato la bahari

Niliyemlipia ni binti wa dada yangu, shule ya wasichana ya bweni huko bara, shilingi 40,535 kwa mwaka. Wazazi wengi hapa Lamu huhangaikia Januari. Mimi naona muhula wa pili ndio unaowarudisha wasichana nyumbani, na msichana akishakaa nyumbani muhula mzima, posa huanza kubisha hodi.

Karo hugawanywa 50, 30 na 20 kwa mia: kama 20,268, halafu 12,161, halafu 8,107. Januari ni upepo wa kaskazi, maji safi, mvuvi hakosi chochote. Muhula wa pili unafunguliwa upepo wa kusi umeshaingia, bahari imechafuka na mashua nyingi zimepandishwa pwani. Kwa hiyo zile 12,161 hazingojewi zifike. Tulitoa 1,000 kila Alhamisi kwa wiki 12, kuanzia wiki ya pili ya Januari, tukazitia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, zikabaki 161 tu. Pesa ya karo ikilala kwenye simu italiwa tu. Kila malipo yaandikwe namba ya usajili ya mwanafunzi. Bila hiyo pesa inaingia haijulikani ya nani, na kwa mhasibu deni linabaki palepale.

Basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na ya kaunti ni fomu mbili mbalimbali, omba zote. Andaa nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, ripoti ya mtihani na barua ya karo, kisha muhuri wa chifu. Shule nayo ina sehemu yake ya kujaza, basi mpe binti fomu aende nayo, usije ukasafiri kwa ajili ya muhuri mmoja. Kinachoangusha fomu nyingi ni jina: cheti kinasema Mwanaisha, daftari la shule linasema Mwana Aisha. Lisawazisheni siku ile ile ya kuripoti, herufi kwa herufi.

Hundi ya basari huandikiwa shule, si mzazi, na aghalabu hufika muhula ukiwa katikati. Ukiitegemea kufungulia shule, mtoto atarudishwa, na nauli ya basi mpaka Mokowe, kisha boti, kwenda na kurudi, itaimega karo yenyewe. Mimi niliihesabu kuwa ya muhula unaofuata. Ikishaingia, mwombe mhasibu taarifa ya salio iliyopigwa muhuri.

Sodo nazo: sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape wanafunzi, lakini usitie sanduku kwa kutegemea hilo. Muhula ni miezi mitatu hivi na pakiti ya 8 haitoshi mwezi, tulimfungia 6.

Risiti na nakala zote zilikaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, zikapakatwa, si kutiwa sandukuni. Sanduku hukaa mbele ya boti, na mawimbi ya mkondoni hayajali muhuri wa chifu.