Mtepe Wenye Misumari

Kurasa mbili za Kilwa zilinichukua siku 11. Zilionyesha msafiri Ibn Battuta akiwasili mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na nilizipenda kuliko zote katika kitabu cha watoto nilichokuwa nikikiandika na kukichora: bahari ya samawati, mji kwa mbali, na mtepe, chombo cha kale cha Waswahili, tanga limejaa upepo. Nilizichora kwa rangi za maji, na rangi hizo hazifutiki. Ukikosea, unaanza na karatasi mpya.

Kabla sijazipeleka kwa mchapishaji nilimsomea mpwa wangu wa miaka 9. Yeye husikiliza macho yakiwa kwenye picha.

"Mjomba, si umesema mtepe unashonwa kwa kamba? Mbona huu una misumari?"

Maneno yale niliyaandika mwenyewe, kwamba mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kisha mkono ukachora jahazi, maana ndilo uliolizoea: vichwa vya misumari kila ubao, na tanga la pembe tatu. Tanga la mtepe lilikuwa la mkeka, la pembe nne.

Niliumia sana. Sentensi yenye kosa mtoto huweza kuisahau, lakini picha aliyoitazama utotoni atazeeka nayo.

Nikachukua vipande viwili vya kadibodi, nikavitoboa ukingoni na kuvishona kwa uzi mnene, nione kamba inapita wapi na kivuli chake kinaangukia wapi. Hilo lilikuwa jepesi. Tanga ndilo lililonitesa. La pembe tatu liliacha nafasi ya mji kuonekana; la pembe nne liliufunika wote. Nikasogeza chombo kushoto, nacho kikaingia kwenye mkunjo wa kitabu, pale ambapo uso wa mtu hukatika vipande viwili usipoangalia. Ibn Battuta ikabidi nimhamishie tezini, nyuma ya chombo.

Siku 6 baadaye nilimwita mpwa wangu tena. Alifuatisha mishono kwa kidole, taratibu, kutoka omo hadi tezi.

"Sasa Mjomba, maji hayaingii kwenye haya matundu?"

Yaliingia. Mitepe ilijulikana kwa kuvuja, na mabaharia hawakuacha kuyafua, kuyachota na kuyamwaga nje. Nikarudi mezani. Chini karibu na miguu ya Ibn Battuta palikuwa na kivuli kizito, rangi ikakubali kuongezwa, nami nikamchora mtu ameinama, upo wa kuchotea mkononi, anafua maji.